Massawe Yupi?

Mwaka 2010 Robert Cheruiyot alivunja rekodi ya mbio za marathoni za Boston. Iliyovunjwa ilikuwa rekodi ya Robert Cheruiyot. Hawa ni watu wawili. Wa kwanza, Robert Kipkoech, alishinda Boston mwaka 2003, kisha mara tatu mfululizo hadi 2008; rekodi yake ya saa 2:07:14 aliiweka 2006. Wa pili, Robert Kiprono, alizaliwa miaka kumi baada yake, si ndugu yake, na alikimbia kwa saa 2:05:52. Wote ni Wakenya, wote Wakalenjini. Mwandishi akiliacha jina la katikati, mataji matano yanamwangukia mmoja na mwenzake anafutika.

Nimeanzia mbali, lakini tatizo ni letu. Misheni ya Kibosho, huku kwetu Kilimanjaro, ilianzishwa 1893, na tangu hapo vizazi kwa vizazi watoto wamebatizwa kwa majina ya watakatifu walewale: Aloyce, Augustino, Deogratias. Majina ya koo nayo yanajirudia: Massawe, Mushi, Kimaro, Mallya. Wenyewe hawachanganyikiwi. Ukitaja jina, mzee atakuuliza kwanza: wa nani huyo, na kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kiko wapi, Umbwe au Kirima? Magazeti ndiyo yasiyouliza.

Kosa jingine linaniuma zaidi. Orodha ya walioteuliwa ikitangazwa, watu huanza kuhesabu: Kimaro wawili, Massawe mmoja, basi wamepeana vyeo. Ukoo ni mpana. Watu huitwa jina moja na babu zao hawakuwahi kuketi pamoja. Ni kweli kwamba Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachagga kuanzia 1952 hadi 1960, na Petro Itosi Marealle, aliyeandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, ni wa nyumba moja ya Marangu. Tunalijua hilo kwa sababu nasaba yao inajulikana. Kufanana kwa majina kusingetosha. Mtazame Elimo Njau, mchoraji, naye mzaliwa wa Marangu. Michoro yake mikubwa ya ukutani imo katika kanisa kuu la Murang'a nchini Kenya, katikati ya Wakikuyu ambao nao wana akina Njau wao. Anayepima undugu kwa jina angemfanya mwenyeji wa huko.

Ndiyo maana katika toleo hili kila anayetajwa kwa kazi yake ya umma tumemwandika kwa majina yake kamili, kijiji alikotoka na miaka aliyofanya kazi hiyo. Kurasa zimeongezeka, na wahakiki wetu wamepiga simu nyingi. Nasi hatutarudi nyuma. Makala itakayokuja na "Massawe wa Kibosho" tu, tutamrudishia mwandishi aende akaulize ni yupi, maana mwenye sifa ile, au mwenye lawama ile, ana watoto wanaosoma.