Sheria ni Msumeno: Akili Mnemba Mahali pa Kazi

Ni nani aruhusiwe kutumia chombo fulani kazini, na kwa masharti gani? Swali hili haliwahusu wahandisi peke yao, kwa kuwa linagusa haki. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, akili mnemba, yaani mitambo ya kompyuta inayotunga maandishi, picha na hata programu kwa kuombwa kwa maneno ya kawaida, imeingia maofisini kwa kasi ambayo kanuni za kazi hazikuitazamia. Waajiri wengi wamejibu kwa makatazo. Yatupasa kuyapima makatazo hayo.

Tuanze kwa kumtendea mwajiri haki, maana naye ana sababu. Mwaka 2023 wahandisi wa kampuni ya Samsung Electronics ya Korea Kusini waliingiza katika ChatGPT maandishi ya siri ya programu za kampuni yao, wakitafuta msaada katika kazi. Hawakukusudia kuiba. Lakini kinachoandikwa humo huhifadhiwa katika kompyuta za kampuni nyingine, mahali ambapo mwenye mali hawezi kukifuata na kukifuta kwa urahisi, na pengine hutumika kuufundisha mtambo wenyewe. Muda mfupi baadaye Samsung ilipiga marufuku mitambo hiyo katika kompyuta na simu zake za kazini, ikaonya kwamba atakayekaidi anaweza hata kufukuzwa kazi. Benki ya JPMorgan Chase na kampuni ya Apple, zote za Marekani, nazo ziliweka masharti ya namna hiyo mwaka huohuo.

Hata hivyo, uzio huo ulijengewa lango mapema. Novemba 2023 Samsung ilitangaza mfumo wake yenyewe, Samsung Gauss, na mwaka 2024 JPMorgan Chase ilianza kuwapa wafanyakazi wake chombo cha ndani kiitwacho LLM Suite. Kumbe waajiri hawa hawakuchukia mfanyakazi kusaidiwa na mtambo. Walichoogopa ni siri yao kushikwa na mkono wa mwingine.

Hofu hiyo ni halali, nasi tunaikubali. Lakini siri za kampuni si siri pekee zilizo hatarini. Karani wa zahanati anayetaka barua ya rufaa isomeke vizuri huandika humo jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo huingiza orodha ya wanaodaiwa. Mwalimu huingiza maelezo ya mtoto aliyemfunulia mateso ya nyumbani. Maskini hana wakili wa kumlinda wala idara ya usalama wa mitandao. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria iliyo katika makaratasi haimfikii karani ambaye hakuna aliyemfundisha.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwa kipimo hicho tunaona kwamba kanuni ya mwajiri kuhusu akili mnemba haiwi ya haki mpaka itimize mambo matatu.

Kwanza, imfundishe mfanyakazi kabla ya kumwadhibu. Ni dhuluma kumfukuza mtu kwa kosa ambalo hakuelezwa kuwa ni kosa. Kanuni iandikwe kwa lugha anayoielewa, itaje wazi kilichoruhusiwa na kilichokatazwa, na ieleze sababu. Katazo lisilo na sababu huzaa usiri: mfanyakazi huficha simu chini ya meza na kufanya yaleyale, na hatari hubaki palepale, ila sasa haionekani.

Pili, imlinde mgonjwa, mteja na mwanafunzi kwa uzito uleule inaoilinda mali ya kampuni. Mwajiri anayelia kwa sababu ya siri za biashara yake, huku akiacha majina ya wateja wake yatawanywe, amejipenda mwenyewe tu.

Tatu, imfunge mwajiri pia. Wapo wanaomkataza mfanyakazi kuandikiwa barua na mtambo, huku wao wakiutumia kuchambua maombi ya kazi, kupima kasi ya watumishi na kuamua nani apunguzwe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeyaweka matumizi ya akili mnemba katika kuajiri na kusimamia wafanyakazi katika kundi la hatari kubwa, na imeandika kwamba wafanyakazi waarifiwe kabla ya mifumo hiyo kutumika juu yao. Hilo ni dai la haki popote pale, hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatupa msingi. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mfanyakazi hutangulia mtaji na zana zote. Basi hatuulizi tu kama mtambo unaleta faida au hasara. Twauliza kama mtu anayeutumia, na mtu anayetajwa ndani yake, wamebaki na hadhi yao.

Ndugu viongozi walei, tusimnyooshee kidole mwajiri wa mbali tu. Shule zetu, zahanati zetu na ofisi za parokia nazo ni waajiri, nazo hutunza siri za watu. Kamati zinazozisimamia zikae pamoja na watumishi, ziandike kanuni fupi, na ziwasikilize wale watakaoishi chini yake. Nanyi mlioajiriwa, msiingize katika mitambo hiyo jina la mtu wala habari zake bila ruhusa, na mkikatazwa jambo, ulizeni kwa heshima sababu yake. Na mkiwa mmeelezwa, ulizeni pia swali la pili: je, mkubwa naye amefungwa na kanuni hii?