Mboga bila udongo: Je, zinafika kwenye sahani ya mtoto?



Siku hizi katika jumuiya zetu na vikundi vya akina mama tunasikia sana habari za kilimo kisichotumia udongo, yaani haidroponiki. Mmea huoteshwa katika maji yaliyochanganywa na madini, au katika kokoto zinazolowanishwa na maji hayo. Akina mama huniuliza kliniki: "Nesi, mboga hizo si zina dawa?"

Napenda kuwatoa hofu. Hata mmea wa shambani haumezi udongo. Mizizi yake hunyonya madini yaliyoyeyuka katika maji. Wataalamu wa Ujerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, walilionyesha jambo hilo karibu na mwaka 1860, walipokuza mimea katika maji yenye madini tu. Mchicha uliooteshwa vizuri hivyo ni chakula halali. Uoshwe tu kwa maji safi kama mboga nyingine.

Hofu yangu mimi iko mahali pengine. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka miwili, viganja vyeupe, amepungukiwa damu. Nilipouliza chakula chake, nikaambiwa ni ugali na chai, dagaa mara moja moja. Katika mazungumzo nikasikia kwamba nyumbani wana mabomba ya haidroponiki yaliyonunuliwa kwa mkopo, na wanaotesha saladi. Saladi yote huenda hotelini, maana marejesho ni kila wiki. Nyuma ya nyumba wana kiwanja chenye udongo mzuri, hakijalimwa. Sikumlaumu mama yule. Alitaka kuinua familia yake, lakini aliyetakiwa kuinuliwa kwanza alikuwa mgongoni mwake.

Kwa maoni yangu, kilimo hiki ni cha asiye na udongo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani walikuza mboga kwa njia hii katika kisiwa cha Ascension, chenye miamba mitupu ya volkano. Na kuanzia mwaka 2017, karibu na Tindouf nchini Algeria, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) umewasaidia wakimbizi wa Sahara Magharibi kuotesha shayiri bila udongo, ili mbuzi wao wapate majani na watoto wapate maziwa. Jangwani ni msaada mkubwa. Hali kadhalika yaweza kumsaidia mpangaji wa mjini ambaye ua wake wote ni saruji. Lakini wewe mwenye kiwanja, anza na jembe, samadi na vikonyo vya matembele. Usikope fedha kununua kile ambacho Mungu amekuwekea mlangoni.

Asiye na udongo naye asianze na mkopo. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia isiyohitaji pampu wala umeme. Chukua ndoo yenye kifuniko, toboa tundu, pachika mche ili ncha za mizizi ziguse maji yenye mbolea maalumu ya kilimo hiki. Maji yakipungua, mizizi ya juu hupata hewa. Kwa hiyo usijaze tena mpaka juu. Otesha mchicha, chainizi au sukuma wiki, mboga ambazo familia yako inakula.

Lakini zingatia mambo haya matatu:

Kwanza, mbolea. Chumvi zake hufanana na chumvi ya mezani au sukari. Zifungie mbali na watoto, wala usizitie katika chupa ya soda. Maji yake yana naitreti nyingi kupita kiasi cha maji ya kunywa. Mtoto mchanga akipewa, damu yake hushindwa kubeba hewa, midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu, na anaweza kufa. Kuyachemsha hakuondoi naitreti. Usiyamwage karibu na kisima. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti ya mbolea.

Pili, chombo. Usitumie kamwe dumu lililokuwa na dawa ya wadudu, hata ukiliosha mara kumi.

Tatu, mbu. Maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu, wakiwemo wa homa ya dengi. Funika ndoo vizuri, na uzibe nafasi inayobaki kuzunguka mche. Kifuniko kisichopitisha mwanga huzuia pia ukoga wa kijani.

Mboga ikishakomaa, kazi bado. Ipike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, ili mwili upate vitamini A. Kamulia limau au mpe mtoto chungwa, ili mwili uchukue madini ya chuma kwa urahisi. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huyazuia madini hayo. Mtoto aliyetimiza miezi sita aanze kupata majani yaliyopondwa vizuri, huku akiendelea kunyonya. Na mtoto ambaye tayari viganja vyake ni vyeupe aletwe hospitali tumpime malaria na minyoo. Mboga peke yake haitamponya.

Kuuza mboga si vibaya, kwani ada na sabuni zinahitaji fedha. Ombi langu ni moja: kabla ya kufunga fungu la kwenda sokoni, chuma kwanza la chungu cha nyumbani. Baba naye alisimamie jambo hili, asimwachie mama peke yake.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili. Mtoto alikuwa akikimbia barazani, na nyuma ya nyumba, aliniambia, kuna tuta mbili za matembele.

Mungu azibariki familia zenu.