Talaka ya WhatsApp na Fatwa ya Mashine

Bismillahi Rahmani Rahim.

Siku hizi wanaotujia na masuala ya ndoa hutangulia kutuonesha simu: "Sheikh, hili limeshajibiwa, tunataka uhakika tu." Aliyejibu ni programu ya akili mnemba. Karibuni alikuja mama ameshafunga mizigo na kuanza kuhesabu eda. Mumewe alimwandikia talaka kwa WhatsApp, naye akaiuliza programu, ikamwambia imepita.

Kwa Imamu Shafii, ambaye wengi wetu visiwani tunamfuata, talaka ya maandishi kwa mtu anayeweza kusema ni kinaya. Haipiti ila akiwa ameinuia. Nia iko moyoni mwa mume, na mume hakuulizwa. Sisi tulimwita. Aliyoyasema ni siri ya nyumba yao, ila hukumu haikuwa ile ya kwenye simu.

Programu hizi hupanga maneno kwa kukisia lipi hufuata lipi. Ndiyo maana huweza kukutajia hadithi na nambari yake, ukafungua kitabu usiikute. Dubai walianzisha huduma ya fatwa kwa akili mnemba tangu 2019, nao wakaanza na masuala ya sala, si ugomvi wa mke na mume.

Kutafuta aya ilipo, itumieni. Likija la talaka, nendeni nyote wawili kwa kadhi au sheikh mnayemwamini, na ule ujumbe msiufute.

Wallahu aalam.