Usiilaumu Baridi ya Julai

Ndugu mkulima, ikiwa shamba lako liko Kinangop, Ol Kalou au Molo, sina haja ya kukueleza jinsi asubuhi ya mwezi wa Julai ilivyo. Ukungu umelala mpaka ndani ya zizi, na vidole havitaki kukunjika wakati wa kukamua. Ifikapo saa kumi na moja na nusu husikika sauti ile ile kutoka kila kilima: pikapu inaamshwa. Stata inazunguka mara mbili kwa uzito, kama mzee anayeinuka kitandani, halafu inanyamaza. Kisha boneti inafunguliwa, na baada ya hapo watoto wanaitwa waje kusukuma kabla ya kwenda shule.

Na mwenye gari husema neno lile lile kila mwaka: "Baridi imeua betri."

Mimi nasema si kweli, na hilo ndilo ninalotaka kubishana nawe leo. Mimi si fundi. Ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, kwa hiyo nina tabia ya kuuliza "kwa nini" mpaka watu wanachoka nami. Lakini nimeendesha pikapu ya nyumbani kwetu miaka 9, nimezika betri 4, na sasa ninajua ni ngapi kati ya hizo nilizoziua mwenyewe.

Hebu tuangalie kwanza kilichomo ndani ya betri. Ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kitu, ndiyo sababu tunaiita ya volti 12. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika maji yenye asidi. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, ndiye aliyevumbua betri ya namna hii mwaka 1859, na mpaka leo kanuni yake ni ile ile: asidi hukutana na risasi, umeme hutoka. Katika baridi kukutana huko huwa kwa polepole, na betri iliyo nzima hupungukiwa na kama robo au theluthi ya nguvu zake maji yanapokaribia kuganda. Wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito kama asali. Kwa hiyo asubuhi ya baridi betri ina nguvu pungufu, na injini inadai nguvu zaidi.

Hapo utaniambia, "Karani, umekubali mwenyewe kwamba ni baridi." La, sijakubali. Katika nchi ya Kanada ziko sehemu ambazo baridi huteremka mpaka digrii 30 chini ya sifuri, na watu huchomeka waya wa umeme kwenye injini usiku kucha ili isiganda. Asubuhi magari yao huwaka wakaenda kazini. Hapa kwetu, hata sakitu ikianguka usiku wa Januari wenye anga safi, tunafika sifuri au chini yake kidogo. Betri nzima haishindwi na baridi kama hiyo. Kinachoharibu betri upesi hasa ni joto, ndiyo maana betri ya Mombasa huchakaa kabla ya betri ya Njabini. Baridi ni kama mkaguzi wa hesabu. Yeye haibi fedha za chama; hufika tu siku ambayo daftari lazima lifunguliwe, na ndipo inaonekana kwamba sanduku lilikuwa tupu tangu mwezi wa Machi.

Basi ni nani aliyeiba? Nitaanza na nafsi yangu.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, umeme ulipotea kwetu siku tatu. Jioni ya siku ya pili kulikuwa na mpira ambao sikutaka kuukosa. Nikaifungua betri ya pikapu, nikaiingiza ndani, nikaunganisha televisheni na taa mbili, na majirani wakaja. Tulitazama mpaka saa nne, kisha watoto wakaomba watazame kidogo, na ile "kidogo" ya watoto unaijua. Asubuhi nikairudisha betri garini. Stata ilisema "tik" mara moja tu. Tulisukuma pikapu ile katika matope, mimi na ndugu yangu na kijana wa jirani, ikakataa, mwishowe tukaazima punda. Tulifika kwenye mtambo wa kupoza maziwa saa tatu imepita. Maziwa ya asubuhi yalipokewa. Maziwa ya jioni, lita 42, yalipopimwa kwa spiriti yaliganda, na mpokeaji akatikisa kichwa. Hakuwa na kosa. Maziwa hayo yangeharibu tangi zima la watu wengine. Mama yangu aliwapa ndama na nguruwe walichoweza kunywa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ng'ombe wake hawakujua kulikuwa na mpira.

Sasa elewa jambo hili, maana wengi hawalijui. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi sana kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena mara moja. Mabamba yake ni membamba kwa kusudi hilo. Ukiikamua polepole usiku kucha mpaka iishe, unga mweupe huota juu ya mabamba, na ukiiacha hivyo siku kadhaa unga huo hugeuka mgumu kama mawe, wala hautoki tena kwa kuchaji. Kufanya hivyo mara chache tu kunatosha kuifupishia maisha. Kama unataka taa na televisheni wakati umeme haupo, zipo betri za jua zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye mabamba manene. Ni ghali, najua. Lakini hesabu lita 42 mara ngapi kabla hujasema ni ghali.

Jambo la pili ndilo lililo gumu zaidi kusema, kwa kuwa halihusu betri peke yake bali linahusu namna tunavyoishi hapa. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kugawanywa katika mpango wa ekari milioni moja, kila nyumba ilipata ploti yake na kila mtu akafurahia kujitegemea. Ni haki. Lakini siku hizi kwenye barabara yetu moja ziko nyumba 4 zenye pikapu 4, na kila asubuhi pikapu hizo 4 huenda kwenye kituo cha maziwa kilicho umbali wa kilomita 2, kila moja ikiwa na mkebe mmoja au miwili. Taa zinawaka, waipa zinafuta ukungu, redio inasema habari. Injini inazimwa kituoni, inawashwa tena, inarudi nyumbani, inazimwa. Alteneta haikupata nafasi hata ya kurudisha kile ambacho stata ilikichukua, na betri yenye baridi hupokea chaji polepole zaidi. Kila siku unatoa zaidi kidogo kuliko unavyoweka. Mtu anayeishi hivyo na akaunti yake ya benki hatashangaa siku moja akikuta haina kitu.

Maoni yangu ni kwamba nyumba hizo 4 zingebeba maziwa kwa zamu. Gari linalokusanya mikebe ya watu wote linazunguka kilomita 8 au 10 badala ya 2, na mara moja kwa juma mwenye zamu apitie mjini kununua chakula cha ng'ombe, ili injini ipate moto kamili kwa zaidi ya nusu saa. Petroli inaokolewa. Nimelitoa wazo hili katika mkutano, na nimesikia majibu. Mmoja alisema maziwa yake yatachanganywa na ya mwenye kutia maji. Hilo lina dawa: kila mkebe uwe na namba yake na upimwe peke yake. Mwingine alisema hawezi kumngoja jirani anayechelewa kuamka. Huyo sina la kumjibu, maana ninamjua jirani anayesemwa. Lakini sababu ya kweli ambayo hakuna aliyeisema ni kwamba mtu hupenda kuonekana akipita na gari lake mwenyewe. Hayo ni majivuno, na tunayalipia kwa betri mpya kila baada ya mvua mbili.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, angalia ndani kila mwezi. Maji yafunike mabamba kwa kama sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri yanayouzwa dukani, wala si asidi, kwa kuwa kinachokauka ni maji na asidi hubaki. Usitie maji ya mto, wala ya bomba, wala ya tangi yaliyopita juu ya bati lenye kutu. Na wakati wa kutazama usiwashe kiberiti! Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Nimeona kijana mwenye jicho moja jeupe kwa ajili ya kiberiti kimoja. Tumia tochi.

Unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri nao huzuia umeme kupita. Mara nyingi betri inayosemwa imekufa haina ugonjwa isipokuwa huo. Koroga magadi kidogo katika maji ya moto, mwagia juu ya vichwa huku vifuniko vimefungwa kabisa, sugua, suuza, kausha, kaza, pakaa grisi. Ukifungua waya anza na wa hasi; ukifunga malizia na wa hasi. Ukifanya kinyume, spana ikigusa chuma cha gari utaona cheche ambazo hutazisahau.

Kuna kifaa kidogo cha kioo chenye mpira wa kunyonyea, kiitwacho haidromita, ambacho hupima uzito wa maji ya betri. Kikisoma karibu 1.27 betri imejaa, kikisoma 1.20 imebaki nusu hivi. Na chumba kimoja kikiwa chini sana kuliko vingine, hapo ndipo useme imekufa. Kwa betri iliyozibwa tumia mita ya volti baada ya gari kulala: volti 12.6 ni nzima, 12.0 ni karibu tupu. Injini ikiunguruma mita isome kama 14. Ikibaki 12 na kitu, taabu iko kwenye alteneta au ukanda wake, na ukinunua betri mpya umetupa fedha. Si lazima kila mtu awe na vifaa hivi. Chama cha ushirika kinaweza kununua haidromita moja, mita moja na chaja moja, vikakaa kwa karani wake. Vyama vingi hununua viti vya plastiki kwanza. Sijui mkutano gani ulihitaji viti vingi hivyo.

Asubuhi yenyewe ya baridi, zima taa na redio kabla ya kugusa ufunguo. Kanyaga klachi mpaka chini. Kama ni dizeli, ngoja taa ya hita plagi izimike. Usishike stata zaidi ya sekunde 10. Pumzika nusu dakika, ujaribu tena. Ukiazima nguvu ya gari la jirani, waya mwekundu uende chanya kwa chanya. Mweusi utoke hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho uishike kwenye chuma kitupu cha injini iliyolala, mbali na betri. Ofisi moja ninayoifahamu ilileta Land Rover kuja kufundisha wakulima utunzaji wa matrekta; baada ya mafundisho wakulima ndio walioisukuma mpaka barabarani. Tulicheka, lakini hakuna aliyekuwa na waya za kuazimana.

Nayo betri iliyokufa kweli, usiipasue nyuma ya jiko kutafuta risasi ya kuuza. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi karibu na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, wakapata sumu ya risasi, watoto kuliko wote, na kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Kuku hula udongo ule, na mtoto hula yai. Rudisha betri nzima kwa muuzaji. Wengi hupunguza bei ya mpya.

Kwetu tulianza zamu mwezi wa Aprili, nyumba 3. Ya nne bado inafikiri. Zamu yangu ni Jumatatu na Alhamisi, kabla sijaenda ofisini. Betri ina mwaka wa pili na nilipoipima Jumapili ilisoma 1.26 vyumba vyote. Hata hivyo mama yangu hunilazimisha kuegesha pikapu juu ya mteremko kila jioni, uso ukielekea chini.