Begi la laptopu: tazama chini, siyo jina

Natumaini mmeshapata vyumba, na ambao hamjapata basi mmeshapata wa kuwabeba.

Leo siongelei siasa wala sapu. Nataka tuongee kuhusu begi. Ndiyo, begi la mgongoni la kubebea laptopu (ndugu zangu wa Kiswahili msinirukie, najua mnaiita kipakatalishi). Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kinacholinda laptopu ni jinsi begi lilivyotengenezwa chini, pale linapogusa sakafu. Siyo jina lililoandikwa mbele, siyo wingi wa mifuko, siyo kile kitobo cha kuchajia simu. Na hela ya begi itengwe siku ileile unayopanga hela ya laptopu, siyo usubiri kitakachobaki baada ya chipsi mayai.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu kwa wengi wetu hapa Mlimani laptopu siyo pambo. Kuna mtu nyumbani wameuza mbuzi, mjomba kaongezea, na yeye kakomaa na boom miezi kadhaa ndipo kapata mashine ya mtumba ya laki tano au sita. Hakuna ya pili. Ikizima wiki mbili kabla ya mitihani, mtu anaanza kuzunguka na flashi vyumbani kuomba wenzake wampishe saa moja achape kazi ya kikundi. Mwaka wa tatu ndiyo balaa, maana tasnifu nzima imo humo. Sasa mtu wa namna hiyo unamkuta kaitia mashine yake kwenye begi la elfu kumi na mbili ambalo chini ni kitambaa kitupu. Hapo huwa nashindwa kunyamaza.

Muhula uliopita koridoni kwetu kuna jamaa kioo chake kilipasuka kwenye kona. Hakugongwa na pikipiki wala hakuanguka kwenye ngazi. Alichelewa kipindi, akapata kiti nyuma kabisa, akashusha begi sakafuni: puu! Basi. Jioni anafungua, anakuta utando wa buibui kwenye kioo. Wengi wanadhani laptopu huvunjwa na ajali kubwa, kumbe huvunjwa na hizi "puu" ndogondogo za kila siku, kwenye sakafu ya darasa, kwenye sakafu ya daladala, pembeni ya kitanda.

Wenzangu wa sayansi mnisaidie hesabu hii, nayo ni ya sekondari tu. Kitu kikianguka kutoka nusu mita, kinafika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilometa 11 kwa saa. Siyo mwendo mkubwa. Tatizo ni kinasimama ndani ya umbali gani. Kikisimama ndani ya milimita moja, kwa sababu kati yake na sakafu kuna kitambaa tu, kinapata kishindo cha wastani wa mara 500 ya uzito wake. Kikipata sponji inayobonyea sentimita moja, kishindo kinashuka hadi mara 50. Sentimita moja tu, wadau! Hiyo ndiyo kazi ya begi, kumpa mgeni nafasi ya kusimama taratibu. Mengine yote ni mapambo.

Sasa twende dukani. Ukishika begi, usianze na zipu. Ingiza mkono kwenye ule mfuko wa ndani wa laptopu, ushuke hadi mwisho, halafu mkono mwingine ushike chini ya begi kwa nje. Vidole vikikutana, yaani mwisho wa mfuko ndiyo mwisho wa begi, rudisha. Hata kama sponji ya mgongoni ni nene kama godoro, laptopu itatua sakafuni moja kwa moja. Begi zuri lina mfuko unaoning'inia: umeshonwa juu, na mwisho wake unaishia sentimita mbili au tatu kabla ya kufika chini. Ukilitupa begi, laptopu inabaki juu juu.

Kisha bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikilala yote mpaka unahisi kidole chako upande wa pili, hiyo ni ya mto wa kulalia. Unataka ile ngumu kidogo, inayobonyea kwa kubishana na kurudi palepale, kama soli ya ndala mpya. Angalia na kona, maana laptopu nyingi hupiga kona kwanza, na mabegi mengi yana sponji katikati halafu kwenye kona hakuna kitu.

Jambo la vipimo. Ukiambiwa laptopu ni ya inchi 15.6, hiyo ni kioo peke yake, tena kimepimwa mshazari, kona hadi kona, kama sentimita 39.6. Haikwambii upana wala unene wa mashine yenyewe, na hizi za mtumba za zamani nyingine nene kama tofali. Kwa hiyo usiende na inchi za kwenye karatasi. Pia usiende na laptopu yenyewe Kariakoo, utakuja kunilaumu. Chukua boksi, ilaze laptopu juu yake, chora, kata. Kipande hicho cha boksi ndicho unachotembea nacho kibanda hadi kibanda. Kiingie bila kusukumwa, na kisiwe na nafasi ya kucheza. Laptopu inayocheza ndani ya mfuko ni sawa na abiria aliyesimama dereva akikanyaga breki.

Zipu sasa. Hapa ndipo mabegi mengi ya bei chee yanapokufia. Funga na fungua mara kumi mbele ya muuzaji, hasa kwenye kona, na usione aibu, hela ni yako. Herufi zilizochongwa kwenye kishikio zisikupumbaze. YKK ni kampuni ya Kijapani inayosifika kwa zipu tangu 1934, na kwa sababu inasifika, kuiga jina lake ni rahisi kuliko kuiga zipu yake. Kisha tazama pale mikanda ya mabega inaposhikana na begi. Unataka kuona mishono ya kurudiarudia, ikiwezekana ule wenye alama ya mkasi. Mkanda ukikatika, hesabu yetu ya nusu mita inageuka kuwa ya mita moja na zaidi.

Unene wa kitambaa nao wauzaji wanaupenda: "Kaka, hii ni 600!" Namba hiyo ni denia, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kubwa ikimaanisha uzi mzito, begi halichaniki ovyo. Ni jambo jema, lakini kitambaa kigumu hakipunguzi kishindo hata kidogo. Usilipie denia ukasahau sponji.

Mvua. Sisi huwa tunafungua chuo vuli ikiwa mlangoni, na masika inatukuta katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo hili si la kupuuza. Lebo nyingi zinasema begi halipitishi maji. Kitambaa huenda ni kweli, kwa kuwa ndani kimepakwa utando. Lakini maji hayana haja ya kuhangaika na kitambaa wakati kuna zipu na matundu ya sindano. Begi la kawaida linastahimili manyunyu ya kutoka kipindini hadi kafteria. Mvua ya kungoja daladala dakika arobaini halistahimili. Zamani watu walikuwa wanafunika na rambo, sasa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi naunga mkono. Dawa ni kofia ya begi, kipande cha kitambaa cha plastiki cha mezani chenye lastiki pembeni. Fundi cherehani anakushonea wakati unakunywa soda.

Wizi nao una la kusema kwenye uchaguzi wa begi. Hapa natofautiana na rafiki zangu wengi. Wao wanataka begi lenye jina la kampuni ya kompyuta, jeusi, la mraba, linameremeta. Bwana, hilo ni tangazo! Unamwambia kibaka wa kituo cha Ubungo, "karibu, mzigo ni huu". Mimi nashauri begi lenye sura ya mkulima: rangi iliyofifia, mviringo mviringo, mtu akikuona ajue umebeba madaftari na mkate. Haya mabegi ambayo zipu yake inakaa upande wa mgongo, yaliyoenea miaka ya karibuni, wazo lake ni zuri kweli, maana mtu hawezi kufungua ukiwa umelivaa. Ila mengi ya kuiga yamechukua wazo la zipu na kusahau sponji ya chini. Jaribu lilelile la vidole vikutane. Na kwenye daladala, begi lolote uwe nalo, livae kifuani. Utachekwa siku mbili. Wa tatu wataiga.

Najua kuna watakaoniambia, "Wewe unaongea kama mtoto wa waziri, begi la namna hiyo bei gani?" Swali la haki. Mabegi mapya yenye mfuko unaoning'inia kweli ni ghali, na mwenye laptopu ya laki tano hawezi kununua begi la laki moja na nusu. Lakini nani kasema lazima liwe jipya? Nenda kwenye mitumba, Karume pale, utapata mabegi ambayo mwenyewe kule Ulaya kalichoka kabla halijachoka. Mshono mzima, zipu nzima, limepauka tu, na tulishakubaliana kupauka ni sifa. Usiyopata ni ule mfuko wa kuning'inia? Nunua begi imara la kawaida, tafuta kipande cha mkeka wa mazoezi, ule wa sponji ngumu, umpelekee fundi. Mwambie ashone mfuko wa kipimo cha boksi lako, aufunge juu tu, chini uache vidole viwili. Chini kabisa weka kipande kingine cha mkeka. Kinga yake utaipima mwenyewe kwa kidole gumba, na itayashinda mabegi mengi ya dukani yenye majina.

Kanuni yangu ni hii: sehemu moja ya kumi. Una laki sita? Hesabu kwamba una laki tano na arobaini ya laptopu na elfu sitini ya begi, fundi na kofia ya mvua. Utapata mashine yenye kasi pungufu kidogo, lakini utakuwa nayo mpaka siku ya kuvaa joho. Mwenye mashine ya kasi iliyopasuka kioo hana kasi yoyote.

Begi peke yake halitoshi, na hapa nitakuwa mfupi. Zima laptopu kabla ya kuitia ndani. Ukifunika tu na kuondoka, nyingine zinaendelea kuwaka kimyakimya, joto halina pa kutokea, na hizi za zamani zenye diski inayozunguka, mara 90 kwa sekunde kwa zile za 5,400 kwa dakika, ni hatari kuzitikisa zikiwa kazini. Chaja ikae mfuko wake. Ile plagi yetu ya meno matatu ni nyundo, ikilala juu ya kioo usimlaumu aliyekukalia. Na kazi zako zihifadhi mahali pengine nje ya laptopu kila Ijumaa, flashi au barua pepe, maana begi likiibiwa zima, sponji haina msaada. Flashi yenyewe isikae ndani ya begi hilohilo, jamani! Teh teh teh.

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, mtaambiwa mengi wiki hii: nani anatoa desa zuri, wapi wali maharage unajaa sahani. Haya yangu yaongezeni tu kwenye orodha. Boom likitoka, kabla hujaenda kubadilisha simu, ingiza mkono ndani ya begi lako sasa hivi, shuka mpaka chini, uone vidole vinakutana au havikutani.

Vikikutana, Jumamosi saa nne asubuhi mimi na wenzangu wawili wa Hall 2 tunashuka Karume, halafu tunapitia kwa fundi. Njoo na kipande chako cha boksi. Laptopu iache chumbani, ufunge mlango.

Nawasilisha.