DNA ya bakteria: Mfugaji wa nguruwe asiuziwe matokeo ya panya

WAUZAJI wa dawa za mifugo wana ugonjwa mmoja wa siku nyingi. Kitu kikifanya kazi kwa panya wa maabara, hutangazwa kana kwamba kimeshafika bandani. DNA ya bakteria, inayosifiwa kuwa kiamsha kinga cha kuchanganywa na chanjo za nguruwe, inastahili kukaguliwa kabla mtu hajafungua pochi.

Jambo lenyewe si uzushi. Mwaka 1995 Arthur Krieg na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba DNA ya bakteria, pale herufi C inapofuatwa na G, huamsha seli za kinga za panya. Katika DNA ya wanyama jozi hizo ni chache, na nyingi zimefunikwa kwa alama ya methili. Kwa bakteria ziko wazi, na kwa tofauti hiyo mwili humtambua mgeni. Mwaka 2000 kundi la Shizuo Akira wa Japani lilimtaja bawabu anayemtambua mgeni huyo: kipokezi kiitwacho TLR9.

Hesabu huharibika zikifika kwa nguruwe. Panya ana kipokezi hicho katika seli za kinga za aina nyingi, lakini nguruwe anafanana zaidi na binadamu: wanaoitikia ni wachache. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa aina moja ya DNA hiyo huamsha seli zile tu zitoazo interferoni kwa wingi, ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya seli nyeupe za damu. Tena mpangilio wa herufi una uzito wake. Majaribio ya Denmark yaliyochapishwa mwaka 2001 yalipima mipangilio kadhaa kwenye damu ya nguruwe, na si yote iliyoziamsha seli.

Kwa hiyo anayekuja na jedwali la panya hana bidhaa ya nguruwe. Ana matumaini tu.

Soko la kuaminika lipo, ila kwingine. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu Heplisav-B, chanjo ya watu ya homa ya ini B yenye DNA ya aina hiyo iliyotengenezwa kiwandani, inayotolewa kwa dozi mbili badala ya tatu. Kwa binadamu bei hiyo hulipika. Nguruwe huuzwa akiwa na miezi sita hivi, na mfugaji huhesabu dozi kwa senti.

Ulaya ina sababu ya kuendelea kutafuta. Tangu Januari 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo, na mwaka 2022 ukaondoa dozi kubwa za oksidi ya zinki zilizotumika kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe. Huko, senti chache za kuipa chanjo nguvu zinaweza kurudi.

Afrika Mashariki hesabu ni nyingine. Muuaji mkubwa wa nguruwe ni homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Chanjo ya virusi waliokufa imeshindwa dhidi yake. Watafiti wa Ujerumani waliongeza viamsha kinga vya kisasa, na mwaka 2014 wakaripoti kuwa havikusaidia. Ile iliyopata kibali Vietnam mwaka 2022 ni ya virusi hai waliodhoofishwa, wala haikutegemea kiamsha kinga. Kumwambia mfugaji wa Kiambu au Masaka kwamba kichupa cha DNA kitamkinga na homa hiyo ni kumwibia mchana kweupe. Shilingi yake ina kazi zaidi kwenye uzio, kwenye kuchemsha makombo ya chakula, na kwenye dawa ya kukanyaga mlangoni mwa banda.