Dawa si ya Kumnyamazishia Mtoto Safarini

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na familia nyingi za Mtwara huenda Dar es Salaam usiku kucha pamoja na watoto wadogo. Njia hiyo yazidi kilomita 500. Humchosha mtu mzima, sembuse mtoto.

Akina mama hushauriwa hivi: mnyweshe dawa ya mafua alale, tena usimpe maji asije akakojoa njiani. Sisi tunayakataa yote mawili.

Dawa kama Piriton huleta usingizi, lakini haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Promethazini ni hatari zaidi. Mwaka 2004 Marekani iliagiza iandikwe onyo kwamba asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa yaweza kumzuia kupumua. Katika giza la basi, nani atatambua kwamba mtoto hapumui sawasawa?

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe kila atakapo. Maziwa ya mama yamtosha. Aliye mkubwa apewe maji safi kidogo kidogo. Basi likisimama Nangurukuru, mshusheni ajisaidie, akiwa amefunikwa mikono na miguu kwa sababu ya mbu.

Nasi abiria wengine tuache kumkaripia mama ambaye mtoto wake analia. Mara nyingi hununua dawa hiyo kwa kuogopa manung'uniko yetu. Tumpokee mtoto, tumbembeleze kwa zamu. Kilio cha usiku mmoja hakimdhuru mtu.